Hatuombi lami: barua ya wazi kuhusu njia za miguu za Nyanda za Juu Kusini

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, kwa wenye dhamana ya ardhi, maliasili, utalii na michezo, na kwa wenyeviti wa halmashauri zetu,

Kamwene.

Nimeanza na salamu ya kwetu kwa makusudi. Kwenye basi la kwenda Dar unakaa kutwa nzima bega kwa bega na mtu, mnashuka hamjuani hata jina. Lakini ukishika njia ya miguu juu ya Kalenga, kila unayekutana naye lazima mwamkiane. Ukipita kimya, watu wa kijiji cha mbele watakuuliza kuna msiba gani. Ukifika Rungwe salamu inageuka kuwa "Ugonile", na mtu mwenye mkungu wa ndizi kichwani atasimama nao hapo hapo mpaka amalize kuuliza habari za nyumbani kwako.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nimezaliwa Iringa, kazi ikanihamishia Mbeya, na likizo zangu nyingi zimeishia vilimani. Nakimbia pia, ila niko kundi la nyuma, tunaofika maji yameisha na mshereheshaji keshaanza kugawa zawadi. Siwakilishi chama wala kampuni. Nina ombi moja, na nalitanguliza kwa sababu najua wingi wa mafaili yaliyoko mezani kwenu: njia za zamani za miguu zinazopita katika mikoa yetu zitambuliwe rasmi kuwa njia za umma, ziingizwe kwenye ramani za vijiji, kabla hazijalimwa na kuzungushiwa seng'enge zikaisha. Hatuombi lami. Hatuombi geti wala jengo la mapokezi. Tunaomba zisizibwe.

Niwasimulie kilichonisukuma kuandika.

Juni mwaka jana tulikuwa wanne, tunapanda kutoka Mwakaleli kuelekea Kitulo. Mwenzetu mmoja kwao ni huko, na njia ile aliipita mara ya kwanza akiwa mgongoni kwa mama yake. Tulipita migomba, tukapita mashamba ya maharage, tukateremka korongo na kuvuka kijito kwa gogo. Tulipoibuka upande wa pili tukakuta uzio mpya. Nguzo zilikuwa bado na magome yake, nyaya tano, na ndani miche ya miparachichi inayofika kiunoni. Ng'ambo ya uzio njia ilikuwa inaendelea. Unaiona kabisa, imebonyea katikati ya majani kama mshono wa gunia, kwa jinsi miguu ilivyoichimba miaka na miaka. Tukabaki tunatazamana.

Nyuma yetu akatokea bibi mmoja, furushi kichwani, yeboyebo miguuni. Yeye hakushangaa. Aliinama, akapapasa kwenye majani, akatoa kijiti chenye panda, akanyanyulia waya wa chini na kukikita kijiti ardhini. Furushi likatangulia, naye akafuata. Kile kijiti kilikuwa kimelainika pale pa kushika, kama mpini wa jembe la zamani. Akatugeukia akasema, "Piteni, wajukuu zangu. Njia ni ile ile, ila siku hizi tunaipita kama wezi."

Mimi nilichana bukta pale, lakini bukta inashonwa. Lililonikaa ni lile neno. Bibi wa umri ule, anayetoka shambani kwake kwenda kwa binti yake, anajiita mwizi kwenye njia aliyoikuta.

Mwenye shamba simlaumu. Kanunua, kaonyeshwa mipaka, kalipa, kapanda. Parachichi limesomesha watoto wengi Rungwe na Njombe, kama mbao zilivyoezeka nyumba nyingi kule Mafinga. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna njia, kwa sababu kwenye karatasi aliyopewa njia haikuwepo. Kulikuwa na mto, barabara na majina ya majirani. Njia ya miguu kila mtu anaijua, ila hakuna ofisi inayoijua.

Na si kwamba sheria imekosekana. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ina kipengele kizima cha haki ya njia ya umma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, mkutano mkuu ukiwa ndio wenye neno la mwisho. Mwaka 2007 ikaja sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi. Nimesimama mbele ya ramani ya mpango wa namna hiyo, imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji: msitu kijani, makazi njano, mto bluu, na mstari wa vidoti wa njia ya ng'ombe. Njia ya watu haikuwemo. Sina ugomvi na ng'ombe, ila nilijisikia vibaya kidogo.

Sasa niwaonyeshe njia ninazozizungumzia, maana tukisema "njia za miguu" bila kutaja ipi, barua itaishia kwenye faili la mapendekezo.

Ya kwanza naiita Njia ya Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, nanyi mnaweza kuipa jina zuri zaidi. Inaanzia Lugalo, mashariki ya Iringa, inapita mjini, inakwenda Kalenga, halafu inashika magharibi hadi Mlambalasi. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 70, siku tatu kwa mtu anayetembea bila haraka na kusimama kusikiliza wazee. Sijui kama kuna mahali pengine katika nchi hii ambapo historia imejipanga hivyo kwenye mstari mmoja, mwanzo mpaka mwisho, bila kukulazimisha kurudi nyuma.

Pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, ulivamiwa na Wahehe. Wengi tumefundishwa kwamba mikuki ilishinda bunduki, na tunaishia hapo. Nenda ukasimame mahali penyewe uone. Msafara ule ulikuwa unakuja kwa mstari mrefu, mtu nyuma ya mtu, wapagazi na punda wakiwa wamebeba silaha nzito, kwa sababu njia ilikuwa nyembamba na haikuruhusu vinginevyo. Wahehe walikuwa wamejificha majanini na kwenye mawe kando ya njia hiyo hiyo. Askari wengi hawakupata nafasi ya kupakia risasi. Zelewski akafa, na zana zake, zikiwemo bunduki zipatazo 300, zikabaki mikononi mwa Mkwawa. Kwa hiyo njia ya miguu haikuwa mahali pa vita tu. Ilikuwa silaha mojawapo. Hilo huwezi kumwelewesha mwanafunzi ubaoni, nami nimejaribu kwa chaki za rangi tatu. Lakini ukimpanga na wenzake arobaini kwenye kijia kimoja, kisha ukamwambia wa mbele apige kelele na wa mwisho aseme kama amesikia, anaelewa kabla hujamaliza sentensi.

Kutoka hapo unatembea kuelekea mji ambao jina lake lenyewe ni la vita. Iringa imetokana na lilinga, neno la Kihehe la ngome. Ngome iliyokusudiwa si ya Wajerumani. Ni ile ya Kalenga, iliyopigwa mizinga na kuvamiwa tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa akaponyoka, na ikaanza ile miaka karibu minne ya kufukuzwa, mpaka 19 Julai 1898 alipojipiga risasi Mlambalasi asikamatwe. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mwaka 1919 fuvu hilo likaandikwa ndani ya Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, mkataba wa kumaliza vita ya dunia nzima ukitaja fuvu la mtu wa Uhehe, na bado likakaa huko hadi 1954 liliporudishwa. Leo liko kwenye makumbusho ya Kalenga. Kaburi liko Mlambalasi. Kichwa huku, kiwiliwili kule, na kati yake ni mwendo wa siku mbili.

Niliwahi kutembea kipande hicho na wanafunzi. Tulianza Kalenga alfajiri, na baada ya saa chache njia tulizoelekezwa na wazee zikawa zinakatika: hapa shamba, pale uzio, pale kiwanja kimepimwa. Tukajikuta tunatembea pembezoni mwa barabara ya kwenda Ruaha, tunakula vumbi la magari ya watalii wanaowahi simba. Mtoto mmoja wa kidato cha pili, anayeuliza maswali kuliko anavyofanya kazi za nyumbani, akaniuliza: "Mwalimu, miaka yote ile aliyokimbia, alikuwa anapita wapi?" Nikanyoosha mkono kwenye vilima, nikazungusha. Ndilo jibu lililobaki. Kwenye simu yangu ramani ilionyesha barabara moja tu, na Mkwawa hakupita barabarani.

Isimila sitaisemea sana, inajisemea. Wale wanaopita barabara kuu ya Mbeya wanajua kibao chake, kilomita 20 hivi kutoka mjini. Zana za mawe za watu wa kale zimelala korongoni, na nguzo za udongo zimesimama kama watu waliogoma kuondoka mkutanoni. Ingefaa kuwa tawi la njia hii, siku moja ya nyongeza.

Njia ya pili ni ya mandhari zaidi kuliko vita, na ndiyo ninayoipenda kwa miguu yangu. Inaanza ziwa Ngosi, lile ziwa la kreta kwenye safu ya Uporoto, inashuka Isyonje, inapanda Kikondo hadi tambarare ya Kitulo, inakwenda Bulongwa, kisha inavuka milima ya Livingstone na kuporomoka hadi Matema, Ziwa Nyasa. Unatoka kwenye baridi ya mita 2,600 ambako asubuhi majani yana barafu nyembamba, unamaliza unakula samaki chini ya mwembe ukiwa umevua sweta. Mteremko wa mwisho peke yake unazidi mita 2,000 kwenda chini. Magoti yatakuambia.

Kitulo mnaijua. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na inatajwa kuwa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kutengwa hasa kwa ajili ya maua. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Maua yanakuja na mvua, na mvua inakuja na ukungu, kwa hiyo anayetaka kuyaona akubali kupotea kidogo. Sisi tulipotea Februari moja. Ukungu ulishuka kwa dakika chache tukawa hatuonani kwa hatua kumi. Tukawa tunaitana. Badala ya wenzetu akaitika kijana mwenye gambuti na dumu la maziwa, naye alikuwa anatembea kasi ile ile kama vile jua linawaka. Nikamuuliza anaonaje. Akasema, "Unaangalia mbele. Angalia chini." Tukatazama chini, na kweli njia ilikuwepo, nyembamba, nyeusi kuliko majani. Tukamfuata kwa macho ya kwenye vidole mpaka tukasikia mbwa wa kijijini.

Mwenye kutaka kuonja kabla ya kujiandikisha aende Chimala, apande Hamsini na Saba. Nyote mmeipita kwa gari, zile kona 57 za kwenda Matamba, na labda kuna aliyefumba macho. Kati ya kona na kona kuna njia za mkato za wapanda kwa miguu. Zimewekwa mawe mahali pa kuteleza, zina vituo vya kupumzikia ambapo jiwe limekaa kwa kimo cha kutua mzigo bila kusaidiwa. Hakuna mhandisi aliyelipwa kwa jiwe lile. Nimewahi kushindana na lori la viazi lililokuwa linapanda pale, nikalipita mara mbili. Nisiwafiche, mara ya tatu halikunipa nafasi.

Na pale Matema, ukijipanga ufike Jumamosi, utakuta soko la Lyulilo na vyungu vya akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe. Chungu chembamba kile hakipendi bodaboda.

Yapo mambo ambayo tumeyajua siku zote mpaka mtu wa mbali alipoyaandika. Wawindaji wa Rungwe walikuwa na jina la yule tumbili, kipunji, tangu zamani. Watafiti walimwona 2003, dunia ikatangaziwa 2005, na ndipo akapata ulinzi. Njia zetu ziko pale alipokuwa kipunji mwaka 2002.

Nimesoma wenzetu walivyofanya. Uingereza kuna Pennine Way, inayofuata uti wa milima ya kaskazini kwa kilomita zaidi ya 400. Wazo lake liliandikwa gazetini 1935, njia ikafunguliwa 1965. Miaka 30 yote hiyo ilipotelea kwenye kuomba haki ya kupita, shamba kwa shamba, kwa watu ambao ardhi ilikuwa imeshawafikia. Sisi hatujafika huko. Tumebakiwa na muda, ila si mwingi. Yule wa parachichi kachukua msimu mmoja. Uhispania nako, padri Elías Valiña alipotaka kuifufua njia ya mahujaji ya kwenda Santiago, mwaka 1984 alizunguka akichora mishale ya njano kwenye mawe, miti na kuta. Rangi tu. Mpaka leo watu wanafuata mshale wa njano.

Lakini mfano unaonigusa kuliko yote uko Afrika Kusini, na mzizi wake uko kwetu. Mbio za Comrades, karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, zilianzishwa na Vic Clapham, askari aliyepigana katika nchi hii ilipokuwa ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alitembea nyuma ya vikosi vya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kilomita zinazotajwa kufika 2,700. Aliporudi kwao alitaka ukumbusho wa wenzake waliokufa, na hakuomba sanamu, aliomba mbio. Tarehe 24 Mei 1921 walianza watu 34, wakamaliza 16. Sasa wanakimbia maelfu. Vita hiyo hiyo ilipita huku kwetu: majeshi ya Northey, jenerali wa Waingereza, yalitokea kusini, yakachukua Tukuyu, na tarehe 29 Agosti 1916 yakaingia Iringa. Mizigo yao haikubebwa na Northey. Ilibebwa na wapagazi, na makumi ya maelfu walikufa katika vita ile kwa njaa, kuhara na uchovu. Mzungu aliyetembea hapa ana mbio za kumkumbuka kwao. Waliombebea hawana hata kijia chenye kibao.

Tukija kwenye michezo, hapa naomba wahusika wasinikasirikie. Tanzania ina wakimbiaji. John Stephen Akhwari, aliyemaliza maratoni ya Mexico 1968 akichechemea, na Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch 1974, walitoka nyanda za juu za kaskazini. Septemba 2025 Alphonce Simbu wa Singida akachukua ubingwa wa dunia wa maratoni Tokyo kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, mbele ya mwenye jezi ya Ujerumani. Watu wa Iringa tulicheka kwa sababu zetu wenyewe. Sasa jiulizeni: sisi wenye Mbeya mjini kwenye mita 1,700, wenye watoto wanaokimbilia shule vilimani kila asubuhi, mbio zetu tunazikimbilia wapi?

Kwenye lami. Mimi karibu zote nilizokimbia zilikuwa kwenye lami. Katika mojawapo, sitazitaja, nusu maratoni yetu ilipita kando ya barabara kuu malori ya Tunduma yakiwa yanapita. Dada aliyekuwa mbele yangu alikwepa tela akaingia mtaroni, akaibuka na tope hadi mabegani, akamaliza akiwa wa tatu. Nilipomuuliza mmoja wa waandaaji kwa nini tusipite vijijini, alinijibu kwa upole kabisa: "Mwalimu, huko njia ziko wapi?" Wala hakuwa anatania. Yeye ni wa mjini, na ramani yake ni ile ile ya simu yangu.

Na hata anayezijua hupata taabu kuzipita kwa halali. Mwaka juzi tulitaka kuunganisha safari moja inayogusa makumbusho, msitu wa hifadhi, hifadhi ya taifa na vijiji viwili. Tulizunguka ofisi nne. Ya kwanza ilitaka barua. Ya pili ikataka barua iliyogongwa muhuri na ya kwanza. Ya tatu mhusika alikuwa semina. Ya nne walikuwa wakarimu, wakatupa fomu, na fomu ilikuwa na mstari wa lazima: namba ya gari. Tukaeleza kwamba tunatembea. Binti aliyetuhudumia akasema ukiacha wazi mfumo hauendelei. Nikaandika 43, saizi ya kiatu changu, tukaendelea. Ombi dogo ndani ya ombi kubwa: kibali kimoja, risiti moja, na mgawane wenyewe huko ndani.

Kuna watakaosema njia zikitangazwa zitaleta wachoma moto na wachimba mizizi ya okidi, ile ya kwenda kutengenezea chakula kiitwacho chikanda huko Zambia. Hofu ina msingi, nami sitaipuuza. Lakini mchimbaji hahitaji kibao, njia anaijua. Anachokiogopa ni kukutana na watu, na penye wapita njia kuna macho. Tena vijana wa vijiji hivyo ndio wawe waongozaji, wasiletwe kutoka mjini wamevaa fulana zinazofanana. Mwongozaji wangu bora mpaka leo ni yule wa dumu la maziwa. Na vitanda visijengwe. Kila kijiji kina mama mwenye chumba cha ziada, blanketi zito na namna yake ya kupika viazi. Atoze yeye, apate yeye.

Hapo hapo niseme jambo ambalo wapenda milima wenzangu hawatalifurahia: si kila njia ifunguliwe. Zipo zinazokwenda kwenye misitu ya matambiko na makaburi ya machifu. Wazee wakisema hapana, mstari uzunguke. Tumewahi kuzungushwa saa mbili na mzee mmoja kwa sababu hiyo, akatuonyesha maporomoko ambayo tusingeyaona tungepita tulikotaka.

Kwa hiyo kazi ninayoiomba kwenu kwa mwaka wa kwanza ni ya daftari na rangi. Maofisa ardhi wa wilaya watembee, nasema watembee, njia hizi mbili pamoja na wazee na wenyeviti wa vitongoji. Mikutano ya vijiji izijadili, iandike mihtasari, na mstari uingie kwenye mpango wa matumizi ya ardhi na kwenye hati zitakazotolewa baada ya hapo. Palipo na uzio tayari mwenye shamba aombwe aweke kipito, vile vingazi vya kuvukia waya, tena agharamiwe mbao zake. Mbao Nyanda za Juu Kusini hatukosi. Rangi tutanunua wenyewe, tumeshachanga makopo mawili. Ya njano haikuwepo dukani, tumepata ya machungwa.

Tumeanza bila kuwasubiri, mtuwie radhi. Nimechora kwa mkono vipande vyote nilivyotembea, na majina ya vijito kama wenyeji wanavyovitamka. Nakala iko tayari kwa ofisi yoyote itakayoihitaji, na si lazima mniandikie barua yenye muhuri.

Mvua zikiisha, Jumamosi ya kwanza ya Juni, tutaondoka Lugalo saa kumi na mbili asubuhi na wanafunzi, wazee wachache na yeyote atakayekuja, twende Mlambalasi kwa siku tatu. Tunawaalika, hata mmoja kati yenu, hata kwa kipande cha Kalenga tu. Dereva anaweza kuwasubiri mbele. Njooni na viatu mlivyovizoea, vipya vitawachubua kabla ya saa nne.

Wenu,
Mwalimu na mkimbiaji wa kundi la nyuma,
Mbeya